Maswali ya Mshono: Sketi ya vipande 12 iliyokataa kupita nyonga

SWALI: Salamu nyingi, Fundi. Nilikuwa na mabaki ya vitenge vya aina nne, yaliyobaki baada ya kushona magauni ya harusi ya mdogo wangu, nikaamua kujishonea sketi ya vipande 12 kwa patani niliyoichora mwenyewe. Nyonga zangu ni sentimita 104. Niliongeza 4 za kupumulia, nikapata 108, nikagawanya kwa 12, hivyo kila kipande kikawa na sentimita 9, kisha nikaweka sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Kiunoni nilifanya vivyo hivyo: 78 kugawanya kwa 12, yaani 6.5. Hesabu niliirudia mara tatu. Hata hivyo sketi inanibana, kiunoni haifungi, na nikilazimisha kuivaa inajizungusha kuelekea kushoto. Nimeilaza mezani nikapima upande mmoja wa nyonga, nikapata sentimita 51 na nusu hivi. Ovaloki, ule mshono wa kukata na kuzibana kingo zisifumuke, bado sijapiga. Je, inatengenezeka, au nimpe binti yangu? — Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Mama Wawili, usimpe binti bado. Hesabu yako haina kasoro, na ningefurahi kama wanafunzi wangu wote wangegawanya vipimo kwa uangalifu huo. Kosa lako liko chini ya mguu wa cherehani.

Sentimita 51 na nusu mara mbili ni 103, nawe ulikusudia 108, kwa hiyo zimepotea karibu 5. Sketi ya vipande 12 ina kingo 24 za kushonwa, kwa sababu kila kipande kina ubavu wa kulia na wa kushoto. Ikiwa ulikata ukiweka ziada ya sentimita 1, lakini mguu wa cherehani ukakuongoza kushona kwenye sentimita 1.2, kila ukingo umekula milimita 2, ambazo hazizidi unene wa njiti ya kiberiti. Zidisha milimita 2 kwa 24, unapata 48. Ndizo hizo sentimita zako 5. Kosa hilohilo kwenye sketi ya vipande viwili, yenye kingo nne tu, lingekula milimita 8, nawe ungeivaa hadi ichakae bila kujua kwamba ulikosea. Fundi aliyezoea kitambaa kizima anaweza kushona miaka mingi akiukadiria mshono kwa jicho, lakini akianza kuunga mabaki, makadirio yake hujumlishwa kingo kwa kingo.

Kwa kuwa hujapiga ovaloki, kingo hazijapunguzwa na dawa ni rahisi. Fumua mishono 6 kati ya 12, ukiruka mmoja baada ya mmoja ili nafasi isambae sawasawa kuuzunguka mwili, kisha ishone upya kwa kuacha ziada ya milimita 8 badala ya 12. Kingo 12, kila moja ikirudisha milimita 4, zitakupa sentimita 4.8, kiunoni na kwenye nyonga kwa pamoja. Wapo watakaokushauri uchomeke kipande cha kumi na tatu. Kinawezekana, ila kitavuruga mpangilio wa rangi zako nne, na sketi itakuwa nzito upande mmoja.

Siku nyingine chora patani kwenye karatasi ya kaki kwa kipimo kamili, bila ziada yoyote. Ilaze juu ya kitambaa, zungushia chaki, ndipo uongeze ziada nje ya mstari huo kwa makadirio ya jicho ukipenda, kwa sababu utakachofuata wakati wa kushona ni mstari wa chaki na si ukingo wa kitambaa. Mabaki mara nyingi yana kingo zilizopinda au zilizoliwa na mkasi, hivyo kuzitegemea kama mwongozo ni kujitafutia taabu. Kabla ya kuunganisha vipande vyote 12, unganisha vitatu, vipige pasi, kisha pima nyonga: usipopata sentimita 27 kamili kati ya mstari na mstari, rekebisha hapo hapo.

Kuhusu sketi kujizungusha, nina shaka na namna ulivyokata. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na hizo hazivutiki kirahisi. Zile za kukata upana huvutika zaidi kidogo, na ukivuta kwa mshazari kitambaa hulegea sana. Mwenye mabaki hushawishika kugeuza patani huku na huku ili kipande kienee, na matokeo yake ni jirani wawili ambao mmoja ananing'inia wima na mwingine analegea. Kama kibaki kimepoteza ukingo wake wa kiwandani, kivute kwa mikono pande zote mbili: upande mgumu zaidi ndio wa mtande. Uchoree mshale wa chaki kwa nyuma, na mishale yote ielekee kiunoni.

Pia angalia ulikoanzia kushona. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini huku mguu ukikikawiza cha juu, na ukishona mshono mmoja kutoka chini kwenda kiunoni na unaofuata kutoka kiunoni kwenda chini, vipande huvutana kinyume. Anza yote chini, na kwa mishono mirefu kama hiyo piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda wa mkono.

Hukusema kama uliyafua mabaki kabla ya kuyakata. Kitenge cha pamba kipya hurudi kidogo kikifuliwa, na ukikiunga na kilichokwisha kufuliwa, mishono itakunjamana baada ya ufuaji wa kwanza. Yafue kwa mkono, kisha lowanisha pembe ya kila aina, iweke juu ya kitambaa cheupe na uikandamize kwa pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, aina hiyo usiiunge na rangi nyepesi. Chumvi ambayo wengi wetu tulifundishwa kutia kwenye beseni haizuii rangi ya kiwandani kuchuja.

SWALI: Fundi, nimebakiwa na nusu ya leso, pindo na jina (ule msemo ulioandikwa) vikiwa vizima. Nataka kumshonea binti yangu wa miaka 4 gauni la marinda. Jina nilikate au nilihifadhi? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Leso ni nyepesi kuliko kitenge, hivyo marinda ni chaguo zuri. Tatizo ni kwamba maandishi yakiingia kwenye marinda hayasomeki tena, na kifua cha mtoto wa umri huo hakina upana wa kubeba jina lote kwa maandishi ya ukubwa huo. Ningekata jina kama mkanda mmoja ulionyooka, niushone chini ya marinda mbele, kisha pindo lifuate chini yake. Urefu usipotosha, ni heri uliache jina lote ndani ya upindo kuliko kulikata katikati. Yapo majina yanayoanza kwa "usi", na ukizikata silabi hizo mwanzoni, mtoto atatembea na amri ya kufanya lile lililokatazwa.