Marehemu alisema kilabuni: nitampinga vipi?

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Mimi ni msimamizi wa mirathi ya baba, hapa Mafinga. Tumeshtakiwa mahakama ya wilaya: jamaa anadai baba amekufa na deni lake la shilingi milioni 40 za mashine ya mbao, dingdong. Maandishi hana. Shahidi wake kasema Septemba walikuwa kilabuni wakinywa mtogwa, yaani ulanzi (pombe ya mianzi) mbichi, baba akamwambia kwa Kihehe kuwa anadaiwa. Kesi imeahirishwa kabla sijamhoji. Huo si ushahidi wa kusikia tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa msiba. Ni wa kusikia, maana maneno ni ya mtu asiyeweza kuja kuhojiwa, lakini usiende na ngao hiyo peke yake. Kwa kawaida Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. Ila maneno ya marehemu yanayouma mfuko wake mwenyewe yanaweza kupokelewa. Nani hujisingizia deni? Pingamizi weka, liandikwe, na ujiandae kushindwa. Kupokelewa si kuaminiwa.

Miaka niliyoandika mwenendo wa kesi nimeona watu wakimfokea shahidi, "We mwongo!" Anajibu, "Si mwongo," yameisha hapo. Wengine hukaa kimya, na hao ndio hujimaliza: jambo zito usipomdodosa shahidi, mahakama huweza kuchukua kwamba umelikubali.

Mimi ningeanza na Kihehe. Shahidi ayataje maneno ya mzee vilevile yalivyotoka, yaandikwe. "Nadaiwa" na "nilikuwa nadaiwa" hutofautiana kwa milioni 40. Tena, nani mwingine alisikia? Shahidi na mdai wanahusianaje? Alimweleza nani kabla mzee hajazikwa?

Halafu mtogwa. Mwanangu, wewe wa Mufindi unajua mianzi hugemwa mvua zikinyesha, na Septemba ni kiangazi. Usimbishie. Athibitishe kwanza kuwa ni Septemba, athibitishe kuwa ni mtogwa mbichi wala si komoni, pombe ya nafaka, kisha mwulize kwao ulanzi hugemwa miezi gani. Akijibu, kaa chini. Swali moja la ziada humpa mwanya wa kusema alichanganya miezi, na nimeona kesi nzuri zikiharibika hivyo.

Pekua pia makaratasi ya mzee. Kama aliwahi kulipa kupitia benki, tafuta stakabadhi halisi, si kopi, uitoe zamu yako ya utetezi ikifika.