Injini inawaka alafu inazima: nifungue ama niache?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Dunga, Kisumu. Nimenunua boti kuukuu ya faiba pamoja na injini yake ya nguvu 15, zile za kuchanganya oili na petroli, kwa mzee mmoja wa Mbita alikuwa ameiacha stoo muda mrefu. Nikivuta kamba sana inawaka, inanguruma kidogo alafu inafifia na kuzima. Ile tundu ya nyuma inakojoa maji kidogo tu, yanadondoka. Jirani yangu fundi wa nduthi anasema ringi za pistoni zimeisha tufungue kichwa cha injini. Sijawahi kushika injini ya boti, nianzie wapi?

JIBU: Pole, lakini pia hongera, injini yenye inawaka bado si ya kuuzia watu wa vyuma. Mwambie jirani angoje kwanza. Kufungua kichwa ndio kazi ya mwisho, na bolti zilizoshika kutu zikikatikia ndani utatafuta pesa ya fundi mwenye uko naye na ya mwingine wa kuzitoa.

Kitu ya kwanza ni hayo maji. Injini isipokojoa vizuri inapika pistoni, kwa hivyo usiiwashe tena mpaka ujue maji yanakwamia wapi. Angalia vile vichujio kwa mguu (ile sehemu ya chini ya injini inayoingia majini), karibu na propela, huku kwetu gugumaji na mchanga wa ufuoni hukaa hapo. Chokoa na ile tundu ya kukojoa na waya laini, saa zingine nyigu ameweka nyumba ndani na wewe unalia impela (ule mpira wa pampu unaosukuma maji) bure. Kama kote ni safi, basi ni impela. Fungua bolti za mguu, tenganisha ile fimbo ya gia (watu husahau hii alafu wanavuta kwa nguvu), teremsha mguu pole pole utaona kifuniko cha pampu. Ndani kuna mpira wenye mabawa. Ikikaa miaka bila kazi mabawa yanalala upande mmoja na kukauka, mengine yanakatika, na yakikatika usitie mpya ukafurahi, tafuta vile vipande kwanza kwa sababu vinapanda na paipu ya maji na kuziba huko juu. Chunga pia kile kifunguo kidogo kinachoshika impela kwa shafti, kikianguka kwa nyasi umeumia. Impela mpya ipake sabuni ya maji, iingize ukizungusha shafti vile saa inazunguka ukiangalia kutoka juu, ndio mabawa yalale upande wao.

Sasa petroli. Ile ya zamani yote mwaga, imeshakuwa gundi. Weka mpya, kwa injini nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, lita 20 zinaenda na mililita 400, na oili iwe ya boti yenye chupa imeandikwa TC-W3, si ya gari wala ya nduthi. Alafu ukiwasha na ianze kufifia, finya ile pampu ya mpira iko kwa paipu ya petroli. Ikirudi kunguruma, petroli ndio haifiki. Hapo angalia skrubu ya kupumulia juu ya tanki kabla hujalaumu kitu ingine, ikifungwa hewa haiingii na injini inazima hivyo hivyo unavyosema. Kama iko wazi, toa kabureta uisafishe, na vile vitundu vyake usichokoe na waya, utavipanua, peleka kwa mtu wa pancha akupulizie na kompresa.

Plagi nunua mpya zote mbili, usifikirie sana.

Kujaribu, tumia drumu iliyokatwa, maji yapite juu ya ile sahani iko juu ya propela. Toa propela na usiongeze mafuta. Nje ya maji usiwashe hata kidogo, impela inaungua saa hiyo hiyo. Ukifanya yote na bado inazima, tafuta fundi mwenye geji apime kompreshoni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, sasa mwite jirani.

SWALI: Oili ya gia kwa mguu imekuwa kama chai ya maziwa. Nibadilishe tu niendelee? (Msomaji, Port Victoria)

JIBU: Hapana, maji yanaingia. Toa propela uangalie nyuma yake, mara nyingi ni uzi wa nyavu umejizungusha kwa shafti ukakata sili (ule mpira wa kuzuia maji). Toa uzi, weka sili mpya, alafu jaza oili kupitia tundu ya chini mpaka itokee ya juu, ukijazia juu hewa inabaki ndani. Na zile pete ndogo (washa) za skrubu mbili zinazofunga hizo tundu nunua mpya, za zamani ndizo huvuja tena.