Anachomea dhahabu jikoni, nami nina mimba

*Shikamoo Nesi. Tunaishi Nyarugusu, Geita. Mume wangu huosha dhahabu mwaloni, jioni anaichomea jikoni kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, maana nje anaogopa kuibiwa. Nina mimba ya miezi mitano. Yeye siku hizi mikono inamtetemeka, usingizi hapati, na hasira za bure haziishi. Wenzake wanasema tunywe maziwa, eti yanasafisha zebaki. Ni kweli? – Mama Kulwa*

Marahaba, mdogo wangu. Si kweli. Nimefanya kazi za wodini na kliniki ya wajawazito Kanda ya Ziwa, na hayo maziwa nimeyasikia kwa wachimbaji, kwa wake zao, hata kwa watumishi wa afya waliopaswa kujua zaidi. Maziwa yanakwenda tumboni. Zebaki wanayochanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, ikichomwa inageuka mvuke na kuingia kwa pumzi, na sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa, kama asilimia 80, hubaki mwilini. Kutoka mapafuni inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo, na kwako wewe inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka.

Mvuke wenyewe hauna rangi wala harufu. Kwa hiyo ukifungua dirisha, ukaona moshi umeisha, ukarudi kusonga ugali, hujapona. Zebaki imeshatua ukutani, kwenye vyombo, kwenye kanga uliyoitundika mlangoni, na inaendelea kupanda hewani polepole hata jiko likiwa limezimwa. Ufagio nao unaitawanya.

Basi kuanzia leo dhahabu isichomwe ndani. Si jikoni, si uani, si chini ya dirisha la jirani. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania imo, unataja kuchoma kwenye makazi ya watu kuwa mojawapo ya mambo ya kukomeshwa. Najua mkataba haumzuii mwizi, na hofu ya mumeo naielewa. Ndiyo maana nakushauri uongee naye habari ya pesa kabla ya ugonjwa: kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, wachimbaji wanakiita ritoti. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na zebaki nyingi inarudi kwenye kopo la maji, anaitumia tena badala ya kununua nyingine. Akitumie mbali na nyumba, na asikifungue kikiwa cha moto. Wakipata kimoja wao wa mwalo mmoja, wachomee pamoja, wenye dhahabu wote wakiangalia. Wizi utatokea wapi?

Kikaango hicho kisipikiwe tena. Nguo za kazi azivue kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, wala si wewe wa kuzifua sasa hivi.

Kutetemeka, kukosa usingizi na hasira ni dalili zinazolingana kabisa na zebaki, lakini pombe na ugonjwa wa tezi la shingo pia hutetemesha mikono, kwa hiyo apimwe, asikisiwe. Kinachotakiwa ni mkojo. Waulizeni hospitali ya mkoa utaratibu wa kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza. Figo zake ziangaliwe pia. Tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta mvuke. Mwili hutoa karibu nusu ya zebaki hiyo kila miezi miwili hivi. Zipo dawa za kuitoa, ila hutolewa hospitali kwa vipimo, si zile za chupa zinazouzwa mnadani. Wewe mweleze mkunga wako habari yote, hata mumeo akikuambia unyamaze. Ukijifungua, nyonyesha.

Hukuniuliza habari ya maji, nami siwezi kuipita. Miamba yenye dhahabu huko kwenu ina aseniki, ambayo ni sumu, na visima vingine vya mkoa vimekutwa nayo. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Aseniki inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kisima kilicho karibu na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, au lundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, msikinywee mpaka kipimwe. Ya mvua ni mazuri, mradi bati halipo karibu na mahali pa kuchomea. Wala watoto wasichezee marudio. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya madini ya risasi (si ya bunduki) yaliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani.

Na kama wajawazito wengi wa huko unatafuna pemba, ule udongo wa sokoni, acha. Nao hubeba aseniki na madini hayo ya risasi. Ukishindwa kuacha, mwombe mkunga akupime wingi wa damu: mara nyingi hamu hiyo inaandamana na upungufu wa madini ya chuma, na vidonge vyake kliniki wanatoa.