Kabla ya kufukia bayocha, hakikisha imeiva

Nalima mchicha na matembele kwenye kiwanja cha mchanga huko Chanika, na wanaokuja kununua miche huniuliza kama ni kweli kwamba kaboni ya bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea unaofukiwa shambani, hukaa ardhini mamia ya miaka. Ni kweli, ila inategemea iliivaje, jambo ambalo nilijifunza kwa hasara.

Msimu wa kwanza nilichoma vifuu vya nazi ndani ya pipa; moshi mweupe ukafuka mchana kutwa, majirani wakalalamika, nikazima mapema. Vipande vilikuwa vya kahawia kwa ndani, na nilipovifikicha viliniachia utando wa lami viganjani ambao haukutoka mpaka kwa sabuni. Nikavifukia hivyo hivyo. Sehemu ambayo haikuiva ikaanza kuoza, vijidudu vikanyonya naitrojeni ya udongo ili viifanye kazi hiyo, na mchicha wote wa tuta lile ukawa njano.

Joto likipanda mahali penye hewa haba, hidrojeni na oksijeni hutoka, na kaboni inayobaki hujipanga katika pete zilizoshikamana, ambazo bakteria na kuvu huzivunja kwa taabu kubwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na IPCC, jopo la mataifa la mabadiliko ya tabianchi, unakadiria kwamba bayocha iliyochomwa kwa zaidi ya nyuzijoto 600 hubakiza takriban asilimia 89 ya kaboni yake baada ya miaka 100, ile ya kati ya 450 na 600 asilimia 80, na ile ya kati ya 350 na 450 asilimia 65 tu. Maabara hupima uwiano wa atomi za hidrojeni kwa atomi za kaboni, na ukiwa chini ya 0.4 huhesabiwa kuwa dalili ya uthabiti mkubwa.

Sisi tusio na maabara tunayo mikono. Kipande kilichoiva hulia kama kigae kikigongwa, na weusi wake hutoka kwa maji matupu. Mimi huazima pia mita ya fundi umeme na kugusisha ncha zake mbili kwenye kipande kikavu, kwa kuwa mkaa uliopita joto kubwa hupitisha umeme na ulioiva nusu haupitishi. Siku hizi nachoma kwenye shimo lenye umbo la faneli, nikiongeza vifuu vikavu tabaka kwa tabaka, kwa sababu mwali wa juu huteketeza moshi na kuzuia hewa isifike chini. Kisha nazima kwa maji mengi na kuloweka mkaa huo katika maji ya samadi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na kuoza: bayocha ni nyepesi, na ikiachwa juu ya mchanga wenye mteremko, masika huibeba hadi mtaroni. Ifukie kina cha kiganja, pamoja na mboji.

Wengine hununua chenga kwa wauza mkaa, na hilo ni bora kuliko kukata mti mpya, ila matanuri ya udongo hayapati joto lililo sawa kila upande. Mimi hujaribu kila kiroba, na kinachoacha lami mkononi hubaki jikoni.