Radi baharini: maji hayana shida, kagua maungio

Mafundi wenzangu wa Afrika Mashariki wanaotamani kazi kwenye mitambo ya upepo ya baharini hupenda kuniuliza habari za ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini. Wamezoea kupambana na ardhi kavu: unagongelea nondo, unapima, omu (kipimo cha ukinzani) hazishuki, unaongeza nondo nyingine. Aliyefanya kazi kwenye mawe ya volkano kando ya Ziwa Turkana ananielewa.

Huku Bahari ya Kaskazini, upande wa pwani ya mashariki ya Uingereza, taabu hiyo haipo. Mitambo mingi imesimama juu ya bomba kubwa la chuma lililogongelewa kwenye sakafu ya bahari, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno. Bomba lenyewe ndilo ethi. Kwa hiyo nguvu zako zote zipeleke kwenye njia inayotoka ncha ya panga (bawa la mtambo linalozungushwa na upepo) hadi kufika kwenye bomba hilo.

Radi hupokelewa na kipande cha chuma karibu na ncha, ikashuka kwa kebo ndani ya panga, ikapitishwa pembeni ya beringi (zinazobeba sehemu zinazozunguka) kwa brashi inayogusana nazo au mwanya mdogo ambao cheche huuruka, ikaingia mnara, halafu ikavuka hadi kwenye msingi. Kwa daraja la juu la kinga, IEC 61400-24, kiwango cha kimataifa cha kukinga mitambo ya upepo na radi, kinapiga hesabu ya kilele (mkondo wa juu kabisa) cha ampea 200,000. Ungio bovu likipitiwa na mkondo wa namna hiyo, linaungua.

Usiamini macho. Niliwahi kufungua mkanda wa shaba uliokuwa safi kabisa kwa nje, nati imekaza, na alama ya kalamu ya aliyekaza ipo. Chini ya washa (kile kipete cha chini ya nati) tukakuta rangi, nayo huzuia umeme kupita. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi ya kuzuia kutu, tukakaza kwa toki (nguvu ya kukazia) iliyoandikwa kwenye mwongozo, tukapima upya.

Upimaji wenyewe ufanye kwa kipimo cha waya nne: mbili zinapitisha mkondo, mbili zinapima volti. Panga la mita 75 linahitaji waya mrefu wa kupimia, na multimita ya kawaida itajumlisha na ukinzani wa waya wako. Namba unayopata ilinganishe na ya ukaguzi uliopita. Ikiwa imepanda, hata kama haijavuka kikomo, tafuta ungio lililoanza kulegea au kula kutu.

Tundu la kutolea maji kwenye ncha ya panga watu wengi hulipita tu. Likiziba, maji yanabaki ndani. Radi ikipiga, yanageuka mvuke ghafla na kulipasua panga.

Majira ya baridi yasikudanganye ukadhani radi hazipo. Mitambo mirefu huanzisha radi yenyewe, inayotoka kwenye ncha kupanda mawinguni. Kilele chake huwa kidogo, lakini mkondo hudumu na kuyeyusha chuma cha ncha, na vifaa vinavyorekodi kilele peke yake vinaweza visione kitu. Piga picha za ncha kwa droni hata rekodi ikiwa tupu.

Na nafsi yako, ndugu yangu. Taarifa ya radi ikija, shuka mapema, maana kushuka kunachukua muda na boti haiji papo hapo. Ukikwama, usitoke nje wala kupanda juu ya paa: kaa ndani ya mnara kwenye jukwaa, mbali na ngazi na kebo, na usirudi kazini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho na msimamizi akuruhusu.