Kikosi cha Moto Kikikutana na Mafuriko

Shikamoo, Mwalimu. Nimekabidhiwa kikosi chenye zimamoto 22. Moto tunaujua, lakini mvua kubwa zinakaribia na zoezi la mafuriko hatujawahi kulifanya. Nianzie wapi?
Kamanda mpya

Marahaba, kamanda. Anzia kwenye mavazi. Mafuriko yangu ya kwanza tuliingia majini na makoti yale yale ya moto, buti zimejaa maji, mwenzetu mmoja amefungwa kamba kiunoni. Akateleza. Tulioshika kamba tukavuta kwa nguvu zote, na kila tulipovuta mkondo ulizidi kumkandamiza chini. Tulipoiachia ndipo akaibuka, mbali kidogo, akiwa hai. Tulikuwa tunamzamisha sisi wenyewe.

Basi asikaribie mtu ukingo wa maji bila jaketi la kujiokolea, hata anayeshika tochi tu. Kofia iwe nyepesi, maana ile ya moto ina ukingo mpana unaokamatwa na mkondo. Kamba isifungwe mwilini kwa fundo. Ishikizwe kwenye mkanda maalumu ambao mwenyewe anaufungua kwa kuvuta mara moja.

Kisha wafundishe kuokoa wakiwa nchi kavu: kumwita mtu na kumwelekeza, kumfikia kwa mti mrefu, kumrushia kamba. Mashua baadaye. Kuingia majini kuwe mwisho kabisa. Warushe kamba mpaka mkono uzoee, mchana na usiku. Hapa utapata upinzani, kwa sababu zimamoto amelelewa kukimbilia hatari. Waeleze kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinatosha kubeba gari. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Siku nyingine zima redio zote katikati ya zoezi. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, mwaka 2019, mji ulikatika mawasiliano. Kila kundi lijue eneo lake, saa ya kukutana, na nani anaamua.

Usiku wa kwanza wote watataka kubaki kazini. Walaze nusu, hata wakinuna. Kazi hiyo ni ya siku nyingi.

Na leo hii muulize kila mmoja familia yake itakimbilia wapi. Baba asiyejua walipo wanawe hatasikia amri yako, na mimi simlaumu.