Kabla ya kupanda miche, anzeni na moto

Nilipokuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji chetu huku Kilwa, tuliangusha mpingo ambao kila mmoja alikuwa ameshaupigia hesabu kichwani. Shina limenyooka, kipenyo cha kutosha. Fundi wa chenso alipomaliza, tukainama kwenye kisiki: pango. Mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Mnunuzi akageuza gari. Mti unaochukua miaka 70 hadi 100 kukomaa ukabaki porini, makao ya mijusi.

Mzee mmoja alituonyesha kovu jeusi chini ya shina. Moto mkali wa kiangazi ulipasua gome zamani, kidonda hakikufunga, uozo ukapanda ndani taratibu.

Ndiyo maana vijiji vinavyoanza kusimamia misitu yao nawaambia wasikimbilie vitalu vya miche. Mpingo huota wenyewe, hata kwenye mizizi huchipua. Unadumazwa na kuungua kila mwaka: chipukizi linakufa juu, linaanza upya, miaka inapita bado halijafika gotini. Chomeni nyasi mapema, masika yakiisha tu, zikiwa bado na ubichi, ili moto mkali wa kiangazi usikute cha kula. Washeni jioni, upepo umetulia. Moto huo hutambaa na kuzimika wenyewe. Mkisubiri hadi Oktoba, warina asali na wawindaji watawawashia.

Kwenye kuuza, pimeni kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gongeni shina kwa mgongo wa shoka kabla ya kuupaka mti alama. Mti wenye tundu hulia tofauti, sikio huzoea. Uzeni kwa mita ya ujazo, siyo kwa lori. Sisi mwanzoni tulikubali lori tukapigwa.

Sheria ya Misitu ya 2002 inakiachia kijiji mapato ya msitu wake wa hifadhi, ila mpango wa usimamizi lazima upitishwe kwanza. Makaratasi yanachosha, mimi mwenyewe niliyachukia. Lakini bila hayo misitu ya vijiji vya Kilwa isingepata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, na watengenezaji wa klarineti huko nje, zile ala za kupuliza zinazochongwa kwa mpingo, huangalia cheti.

Acheni pia mipingo michache iliyonyooka iwe ya mbegu. Mnunuzi atanuna. Wetu alinuna, akapakia aliyoruhusiwa, na mwaka uliofuata akarudi.